Futi Saba Hazichezi Kikapu

Kijana mrefu Tukuyu hana raha. Kabla hajavuka stendi kwenda sokoni atakuwa ameshaulizwa kama anacheza kikapu, na akijibu kwamba hachezi, anatazamwa kama mtu aliyerithi shamba la chai akaliacha liote magugu. Shuleni ni yale yale. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yakikaribia, waliowazidi wenzao kimo wanaitwa pembeni, na timu inahesabiwa kuwa imepatikana. Hoja ni moja na wachache huihoji: mwalimu anaweza kufundisha kila kitu isipokuwa urefu.

Hoja hiyo ni uvivu uliovishwa joho la busara. Na Watanzania ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa, kwa sababu aliyebebeshwa hoja hiyo mbele ya dunia nzima alikuwa kijana wao.

Juni 2009 klabu ya Memphis Grizzlies ilikuwa na nafasi ya pili ya kuchagua wachezaji wapya wanaoingia NBA. Ikamchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden akaenda wa tatu. Stephen Curry, ambaye wengi walimwona mwembamba mno, akasubiri hadi nafasi ya saba. Curry amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2015 na 2016, na Harden akaipata tuzo hiyo 2018. Thabeet alicheza mechi 224, wastani wake ukiwa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Watetezi wa urefu watasema mambo hayo hujulikana baadaye, kwamba siku ya kuchagua kila mtu anabahatisha. Si kweli. Dalili zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona.

Thabeet hakuwa mchezaji wa kupakwa rangi. Msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut alipata wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8, na kila mechi alizima mitupo zaidi ya minne. Swali ambalo halikupewa uzito ni namba hizo zilitoka wapi. Katika mpira wa vyuo vya Marekani, beki anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote akiwangoja wanaokuja. NBA inakataza: asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa eneo hilo zaidi ya sekunde tatu. Mlinda mlango akageuka kuwa mtu wa kukimbizana, na miguu iliyokuwa ikisifiwa kwa urefu ikaanza kudaiwa wepesi. Isitoshe, Thabeet alikuwa ameanza kucheza akiwa na miaka 15 hivi, wakati wenzake wengi walikulia uwanjani.

Tena mtihani ulikwisha kufanyika hadharani. Februari 2009 Connecticut ilikutana na Pittsburgh, yenye DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya inchi saba lakini mpana kama mlango wa ghala. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Miezi minne baadaye mshindi wa siku ile alichaguliwa wa 37. Ni kweli magoti yake yalizitia klabu hofu, lakini hofu ya magoti haielezi kwa nini aliyeshindwa alipanda hadi nafasi ya pili.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa nyumbani kwa Memphis wenyewe. Tayari walikuwa na senta, Marc Gasol, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Mwaka 2013 Gasol huyo huyo akatajwa mlinzi bora wa ligi, zaidi kwa akili ya kusimama mahali sahihi kuliko kwa kuruka. Kumleta Thabeet kulikuwa sawa na kununua jembe la pili nyumbani kwenye jembe moja na mkulima mmoja. Februari 2011 wakamtoa katika mpango uliomrudisha Shane Battier, fundi wa kukaba na kutupa kutoka mbali. Miezi michache baadaye, Memphis iliyomaliza ya nane upande wa Magharibi ikaitoa San Antonio iliyomaliza ya kwanza.

Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu, haikuhitaji kwenda Memphis kujua kwamba urefu pekee hautoshi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na Simba na Yanga wakabaki nyuma. Wazee wanaojisifia ubingwa huo hadi leo hawaanzi simulizi kwa kutaja nani alikuwa mrefu. Wanataja nani alimpa nani pasi. Ajabu ni kwamba wazee hao hao, wakihamia kwenye kikapu, wanatoa futi ya kupimia.

Timu ya kikapu inaingiza watano. Anahitajika wa kudunda mpira bila kuutazama, wa kutupa kutoka mbali ili mabeki watawanyike, wa kukaba kwa miguu, na wa kugombea ribaundi kwa mabega na nyonga. Warefu watano wasiojua kupokea pasi ya chini hawavuki hata nusu ya uwanja, hasa kwenye saruji iliyoloa, na Rungwe mvua haina likizo ndefu. Urefu una thamani yake, lakini ni nyongeza inayohesabiwa baada ya hayo.

Basi mchujo ujao uanze na wanafunzi wote wakiwa na mpira mkononi, wakikimbia, wakigeuka na kupasiana, mwalimu akiandika majina kwenye daftari. Vimo wavipime jioni, timu ikiwa imeshabandikwa ubaoni.