Andikeni majina ya vibarua
Siku ya kumwaga zege haina mapumziko: mchanga, kokoto, saruji na maji vikishachanganywa, karai hupita mkono kwa mkono hadi juu, na akilegea mmoja wote wanakwama. Mfuko wa saruji una kilo 50, na saidia fundi anaubeba begani akiwa na kandambili miguuni, vidole kavifunga vipande vya tyubu kwa kukosa glavu, ilhali saruji ikilowa huunguza ngozi. Jioni anapewa ujira wake mkononi, na jina lake haliandikwi popote. Hiyo ndiyo dhuluma inayoniuma kuliko udogo wa ujira wenyewe. Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, mafundi na vibarua wakiwamo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri bila kumkata kibarua hata senti. Lakini fidia itamfikiaje mtu asiyejulikana na daftari lolote? Wenye majengo, hata kama mnajenga vyumba vitatu tu, wekeni buti na glavu kwenye hesabu moja na nondo, na kila asubuhi fundi mkuu aandike jina la kila kibarua na simu ya ndugu yake kabla koleo halijashikwa.