Kukaza shoki hadi mwisho si ujuzi

Jamani, huu mtindo wa kukaza shoki hadi mwisho kisha kuingia Thika Road umenichosha. Mtu ananunua shoki za kurekebisha, anazungusha kitufe mpaka kigome, halafu anajisifu eti gari sasa linashika barabara. Halishiki!

Uzito wa gari hubebwa na springi. Kazi ya shoki ni kutuliza mwendo wa springi, kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Ukikaza kupita kiasi, gurudumu likigonga tuta haliwezi kufuata barabara, linaruka. Na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Shoki ikiwa ngumu mno wakati wa kurefuka, springi hainyooki kabla ya tuta linalofuata, na gari linazidi kudidimia.

Kwenye uwanja wa mashindano wenye lami laini, kukaza kuna maana: gari halilali haraka kwenye kona wala kuinama ghafla ukifunga breki. Lakini lami ile haina mashimo. Yetu inayo.

Sisi waandika programu tunajua dawa: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Hesabu mibofyo kutoka mwisho wa kukaza, kushoto sawa na kulia. Kwa barabara anza laini, ongeza kidogo kidogo hadi gari liache kudundadunda, kisha ishia hapo. Soma pia kijitabu: Koni Sport, kwa mfano, hurekebishwa upande wa kurefuka tu.

Ukitoka mashindanoni, legeza kabla ya kurudi barabarani. Abiria wako hawako mashindanoni.