JEMBE SI ADHABU



Wengi wetu tuna shamba nyumbani, na vijana tuliowaacha huko. Kila mwezi twatuma pesa, kisha twalalamika kwamba vijana hawataki kulima. Ni nani aliyewafundisha kulichukia jembe? Akikosea, twampa jembe kuwa adhabu. Akilima vizuri, mavuno huuzwa na baba, naye haoni hata senti.

Vilabu vya 4-K vilianzishwa shuleni mwaka 1962, vikazorota, na Serikali ikavifufua mwaka 2021. Maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Huko mtoto hupanda mboga, hufuga kuku au sungura. Hiyo ni kazi njema. Lakini akimaliza shule arudi nyumbani, hapewi hata tuta moja la kutumia elimu hiyo.

Ndugu, sisi twadai mshahara wa haki kwa jasho letu. Je, jasho la kijana halina haki? Ukienda livu, mpimie kipande cha shamba, umnunulie na daftari ya hesabu. Atakachovuna kiwe chake. Na msichana vile vile.

Umoja ni nguvu.