Bendera ya jirani na bei ya nyumba yako



Ukitaka kuuza nyumba hapa Rusimbi, jiandae kwa maswali. Mnunuzi atauliza kiwanja kimepimwa au hakijapimwa, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia, na gari linafika mlangoni au linaishia barabarani. Siku hizi kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, huku mnunuzi ameinua macho juu ya ukuta wa uani: "Hapo jirani ni nani?" Kilichomfanya aulize ni bendera.

Familia moja ya waumini imekutana na swali hilo. Wanauza nyumba ya marehemu baba yao ili wagawane mirathi, na mama yao mjane apate fungu lake mapema. Jirani yao ana mlingoti mrefu, na juu yake bendera ya chama cha siasa. Sitataja chama gani. Nikikutajia rangi utaacha kusoma na kuanza kupiga kura. Mnunuzi wa kwanza aliangalia vyumba, akatoka uani, akaiona bendera, akaaga kwa adabu na hakurudi. Wa pili alisema nyumba ameipenda, ila kwa jirani wa namna ile lazima apunguziwe. Dalali naye akatoa ushauri: jirani aombwe aishushe bendera kwa wiki mbili tu, fedha zikishaingia airudishe. Ndipo wakaja kuniuliza, "Baba Paroko, hilo ni dhambi?"

Nawashukuru kwa kuuliza. Wengi tunaona mambo ya dalali na mkataba hayahusiani na kitubio, kumbe walimu wa Kanisa waliyafikiria kwa makini. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha Summa Theologiae, ametenga sehemu nzima kwa udanganyifu katika kuuza na kununua. Anauliza kama muuzaji anawajibika kutaja kasoro za kitu anachouza. Jibu lake linatofautisha kasoro iliyofichika na kasoro iliyo wazi. Iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima uiseme. Iliyo wazi, mfano wake ni farasi mwenye jicho moja, hulazimiki kuitaja maana mnunuzi ana macho yake, ili mradi bei iwe ya haki.

Humo humo anajibu hoja iliyotoka kwa Cicero wa Roma, kwamba ni kichekesho mtu kumtuma mpiga mbiu atangaze anauza nyumba yenye madhara. Thomas anakubali kwamba huna haja ya kupiga mbiu mjini. Watu wangekimbia kabla hawajajua mema ya nyumba hiyo. Lakini yule anayekuja kununua, huyo mmoja aliyesimama mbele yako, unapaswa kumwambia.

Sasa pima ushauri wa dalali kwa kipimo hicho. Bendera ikiwa juu ya mlingoti, familia ile haina deni kwa mtu. Mnunuzi anaiona mwenyewe, ataamua mwenyewe. Ikishushwa kwa wiki mbili kwa makusudi ya mauzo, kilichokuwa wazi kimegeuzwa kuwa kilichofichika, na kimefichwa mahsusi kwa mtu ambaye wanajua angetaka kukiona. Mimi bendera siihesabu kuwa kasoro hata kidogo, na nitaeleza kwa nini. Lakini hata kitu kisicho kasoro, ukikificha ili mtu atie sahihi asiyotaka kuitia, umemdanganya. Nilijibu hivyo: msiishushe.

Zaidi ya hapo, fikirini mnachomwomba jirani. Bendera ni yake, mlingoti ni wake, kiwanja ni chake. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 18 na ya 20, inampa uhuru wa maoni na wa kujiunga na wenzake. Mnamwomba ajifiche nyumbani kwake ili ninyi mpate fedha, kisha mhame mumwachie mgeni ambaye ataiona bendera ikipanda tena na kujua kwamba alichezewa. Uadui utakaozaliwa siku hiyo hautakuwa wenu. Mtakuwa mmekwenda zenu Kasulu au Dar es Salaam.

Mnunuzi wa pili pia ana lake la kujibu. Kitabu cha Mithali kinamfahamu vizuri: mtu anayesema kibaya, kibaya, wakati wa kupatana bei, halafu akiondoka zake hujisifu. Kama kweli bendera ile inamnyima usingizi, asinunue, hakuna aliyemlazimisha. Lakini kama haimsumbui na anaitumia tu kumbana mjane, basi punguzo hilo ni mali ya mjane iliyoingia mfukoni mwake. Nimesikia wanaume wakisimulia ushindi wa namna hii wakicheka, tena nje ya mlango wa kanisa.

Vijana huenda hawajui kwamba zamani bendera ya jirani ilisaidia kuuza nyumba. Katika miaka ya chama kimoja, nyumba yenye bendera mara nyingi ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi. Mgeni akifika usiku alipelekwa pale. Mke na mume wakigombana, kuku akiibwa, mpaka wa kiwanja ukisogea, watu walikwenda pale. Na mtu akiuza nyumba, balozi aliitwa kushuhudia, akaandika jina lake chini ya karatasi. Kukaa karibu na bendera kulimaanisha kukaa karibu na shahidi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, milingoti iliongezeka na rangi zikaongezeka, na kitambaa kile kile kikaanza kusomwa kwa namna nyingine: huyu ni wetu, yule si wetu.

Na sisi watu wa Kigoma tumekuwa wepesi wa kubadilisha rangi. Jimbo la Kigoma Mjini limekuwa na wabunge wa CHADEMA, wa CCM, na mwaka 2015 likampeleka bungeni Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo, huku chama chake kikichukua pia halmashauri ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Mwaka 2020 likarudi CCM. Mtu aliyekataa kiwanja mwaka 2014 kwa sababu ya rangi ya jirani, leo huenda ana jirani mwenye rangi hiyo hiyo upande wa pili, na kiwanja kile kimeshapanda bei mara kadhaa.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, tazama ziwani. Henry Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alitanguliza bendera ya Marekani mbele ya msafara. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879 wakakuta mji wa wafanyabiashara waliomtambua Sultani wa Unguja. Kisha akaja Mjerumani. Mwaka 1916 akaja Mbelgiji, akakaa miaka kama mitano, akamwachia Mwingereza, hadi bendera yetu ilipopanda mwaka 1961. Meli yetu ya Liemba ilizaliwa ikiwa ya Wajerumani, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Abiria wa Kirando na Kasanga hawakuuliza bendera, waliuliza inafika lini. (Swali ambalo, kwa wanaoijua Liemba, halikuwa rahisi.)

Lakini nisimcheke mnunuzi aliyeaga na kuondoka. Nadhani haogopi kitambaa. Jirani yule yule angeweka bendera ya Simba au ya Yanga, mnunuzi angetania kidogo kisha angeuliza bei. Anaogopa kwamba watoto wake watapewa jina kisimani, kwamba akifiwa usiku hakuna atakayeruka ukuta kuja kumshika mkono. Woga huo una historia. Ndugu zetu wa Zanzibar, na Pemba hasa, waliuonja baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 na ule wa mwaka 2000. Wa CCM hakununua dukani kwa wa CUF, wala wa CUF kwa wa CCM. Watu walisusiana harusi, walisusiana mazishi. Ilibidi viongozi wakuu wakae, na wananchi wapige kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 kukubali serikali ya pamoja, ndipo watu wengi wakaanza tena kusalimiana. Mahali panapofikia hapo, nyumba hushuka thamani kweli, hata isiyo na bendera karibu.

Kwa hiyo swali la mnunuzi, hapo jirani ni nani, ni swali la haki. Anakosea tu kumwuliza mlingoti. Aulize watu wa mtaa: huyu bwana huja msibani? Mtoto wa mwenzake akiugua usiku hutoa pikipiki yake? Mlango wake hufunguliwa ukigongwa? Kama pale kwa jirani ni ofisi ya tawi, yenye vipaza sauti na mikutano hadi saa sita usiku, hilo ni jambo jingine. Kelele zina madhara kwa mgonjwa na kwa mtoto anayesoma, nazo hazionekani mchana nyumba inapoonyeshwa. Hapo muuzaji lazima aseme, na serikali ya mtaa ina kazi ya kufanya.

Nilipowauliza wale ndugu kama nyumba ina tatizo jingine, walitazamana. Kumbe mvua za masika zikizidi, maji hupita chumba cha nyuma. Na kaka yao mmoja aliye Congo bado hajatoa ridhaa ya kuuza. Walikuwa wamehangaika wiki nzima na kitambaa kilicho juu ya ukuta wa watu, na mambo mawili ambayo mnunuzi alikuwa na haki ya kuyajua hayakuwapitia akilini. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni na kuingia katika nyumba za ufukweni, tuliona hasara ya mtu aliyenunua bila kuambiwa. Kasoro ya maji isemwe. Mgogoro wa mirathi usemwe. Nyumba ya familia inayouzwa bila idhini ya mke, kinyume na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hiyo ndiyo ingepaswa kumfanya mnunuzi aage kwa adabu.

Nilisoma nao sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia, na ninakuomba uisome leo nyumbani, ukishirikisha watoto. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Bendera za adui zipo nje ya kuta, na Yeremia mwenyewe yumo kifungoni. Katika hali hiyo anakuja Hanameli, binamu yake, kumwuzia shamba la Anathothi. Fikiria bei ya ardhi siku hiyo! Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia mhuri, anaita mashahidi, anampa Baruku nakala mbili, ya wazi na iliyofungwa, aziweke katika chungu zidumu siku nyingi. Maandiko hayataji kwamba aliomba apunguziwe kwa sababu ya majirani. Alinunua kwa sababu Mungu alikuwa amemwambia kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Mimi padre sina bendera. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inatutaka tusishiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa, na nashukuru, maana nyumba ya paroko ni ya kuingia kila mtu. Lakini wewe mlei una haki ya kuwa na chama, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano unakusifu ukishughulikia siasa kwa ajili ya wengi. Basi neno la mwisho ni lako mwenye mlingoti. Sikuambii uishushe. Ikichanika ibadilishe, maana tambara linalopepea halimheshimu yeyote, hata chama chako. Jumuiya ndogo ndogo ikipita kusali nyumba hadi nyumba, fungua geti kabla hawajabisha. Na jirani yako akileta mtu wa kuangalia nyumba, usichungulie dirishani. Toka nje, msalimie, mwambie maji ya bomba hutoka siku zipi.