Wacheni Kuwatukana Marubani wa KQ

Wasee, kila mara rubani wa Kenya Airways akiuliza kama kampuni iko njiani kufilisika, mnamrukia kama mwewe. Eti ana mshahara mnono, anyamaze. Eti anaharibia kampuni jina. Eti arushe ndege tu, hesabu awaachie wenyewe. Juzi nilisema marubani wana haki ya kuuliza, jamaa mmoja akanijibu kwamba mtu aliyeacha chuo atajua nini kuhusu ndege.

Sawa, chuo sikumaliza. Lakini kujumlisha na kutoa nilifunzwa darasa la pili, na hesabu ya KQ haitaki digrii.

Hebu tujumlishe. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2015, hasara ya shilingi bilioni 25.7. Uliofuata, bilioni 26.2. Mwaka 2020 Covid ikaja, bilioni 36.2. Mwaka 2022, zaidi ya bilioni 38. Halafu 2024 tukaambiwa kuna faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Tukapiga makofi, hata mimi nilipiga. Lakini faida hiyo ilisaidiwa pia na shilingi kupata nguvu mbele ya dola. Nusu ya kwanza ya 2025, hao tena: hasara ya bilioni 12. Sababu kubwa? Dreamliner tatu kati ya tisa zilikuwa zimeegeshwa kwa shida ya injini.

Sasa niambieni, nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba ndege hizo haziruki? Si mimi na wewe, sisi tulisoma kwa taarifa ya matokeo miezi baadaye. Ni rubani. Yeye ndiye anaona ratiba yake imekatwa, safari imefutwa, ndege ileile iko palepale wiki baada ya wiki. Mtu anayeketi jikoni akisema unga unaisha, huyo havumishi. Anahesabu.

Na si mara ya kwanza. Kampuni ilipokuja na mpango wa Mawingu, ndoto ilikuwa kufikisha ndege zaidi ya 100. Mikopo ikachukuliwa, ndege kubwa zikanunuliwa, abiria hawakujaa vile makaratasi yalivyosema. Mwaka 2016, chama cha marubani, KALPA, kilisimama kikasema uongozi uondoke. Waliitwa wachochezi. Mwaka huohuo mwenyekiti akabadilishwa, na 2017 mkurugenzi mkuu akaenda. Mwaka huo pia madeni ya benki yakageuzwa hisa: serikali ikabaki na asilimia 48.9, benki zikapata 38.1. Yaani kampuni ilikubali kwa vitendo kile ambacho wale wachochezi walikuwa wakisema, kwamba bila kupangwa upya haingesimama.

Najua mtaniambia Novemba 2022. Marubani waligoma, maelfu ya abiria wakakwama. Kuna mtu alikosa mazishi, kuna mtu alikosa kazi. Hilo siwatetei, abiria hakuwa na kosa. Lakini ulizeni chanzo. Mchango wa mwajiri kwa akiba yao ya uzeeni ulikuwa umesimamishwa tangu 2020. Wewe ukatiwe pensheni, usome kila mwaka kwamba madeni yamezidi mali kwa mabilioni, halafu uambiwe usikisie hatima ya kampuni? Mngekaa kimya? Acheni mchezo bana.

Hoja yenu moja tu ndiyo ina uzito, na siiogopi. Mnasema uvumi unaweza kuua kampuni. Ni kweli. Shirika la ndege linaishi kwa tiketi zilizolipwa kabla ya safari. Abiria wakiogopa, hawanunui. Mwenye mafuta akiogopa, anataka pesa mkononi. Mwenye kukodisha ndege akiogopa, anaikujia. Jetlink tuliiona hapahapa. Novemba 2012 ilisimamisha safari, ikisema pesa zake zimekwama Sudan Kusini. Hofu inaua haraka kuliko hasara.

Lakini dawa ya uvumi si kumziba rubani mdomo. Dawa ni kufungua vitabu. Uvumi hauoti mahali penye mwanga. Kama KQ iko salama, watuambie kila miezi mitatu: ndege ngapi zinaruka na ngapi zimeegeshwa, pesa taslimu zinatosha miezi mingapi, deni lipi linaiva lini, na mwekezaji tunayeahidiwa kila mwaka amefika wapi. Wakisema hayo, rubani akikisia ovyo tutamcheka pamoja.

Na hii si vita ya marubani na mabosi peke yao. Serikali ilidhamini mkopo wa ndege, kampuni ikashindwa kulipa, mzigo ukaangukia hazina. Hazina ni nani? Ni mama anayeuza nyanya Gikomba na kulipa kodi kwa kila lita ya mafuta. Hajawahi kukanyaga ndege, lakini anailipia. Hakuulizwa. Kwa hivyo rubani anapouliza kampuni inaenda wapi, anauliza swali la huyo mama pia.

Tena kumbukeni, rubani akichoka kutukanwa anaenda Ghuba, na wengi wameshaenda. Ana leseni, ana masaa yake hewani, atapokewa. Nyinyi na mimi hatuna pa kwenda. Tutabaki hapa na deni.

Kwa hivyo tusi lako lihifadhi. Ukikasirika, kasirikia aliyekopa bila hesabu, si aliyehesabu kwa sauti.

Haya, nitukaneni hapo chini. Lakini mkija, kujeni na namba.