Mali ya Marehemu Tharia Topan na Hesabu Yetu Sisi

Msafiri aingiaye Unguja kwa njia ya bahari huliona jengo hilo kabla hajashuka chomboni. Limesimama Mizingani, limeelekea bandari, na roshani zake za mbao zilizochongwa kwa ustadi humfanya mgeni aulize kasri hilo lilikuwa la Sultani gani. Halikuwa la Sultani yeyote. Wenyeji tunaliita Dispensari ya Zamani, na ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba lilikusudiwa kuwa hospitali, na kwamba aliyelikusudia alifariki kabla halijakwisha.

Tharia Topan alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1823, akafika kwetu akiwa kijana asiye na mali. Alianza chini kabisa katika biashara ya watu wengine, akapanda daraja kwa daraja. Katika zama hizo Serikali ya Sultani haikukusanya ushuru yenyewe. Forodha ilikodishwa kwa tajiri mmoja kwa kiasi maalumu kila mwaka, naye akijilipa kwa kile kilichozidi. Kwa miaka mingi forodha hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji. Mwaka 1876 ikaingia mikononi mwa Tharia, hadi mwaka 1880. Alikwisha kuwa mtu wa karibu wa Seyyid Barghash, akafuatana naye katika safari ya Uingereza mwaka 1875, na baadaye Malkia Victoria akamtunukia cheo cha Sir.

Sisi tuliolelewa na Chama tulifundishwa kumwita mtu wa aina hiyo bepari, wala sioni sababu ya kulifuta neno hilo. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alikwenda bara kutafuta pembe kwa bidhaa alizokopeshwa na Tharia, na kila mtu anajua misafara ile iliwatenda nini watu wa bara. Pembe hazikujibeba zenyewe hadi pwani. Atakayeandika maisha ya tajiri huyu akataja sadaka peke yake atakuwa ameandika nusu ya daftari.

Lakini nusu ya pili nayo ipo. Mwaka 1887, ulipotimia mwaka wa hamsini wa utawala wa Victoria, liliwekwa jiwe la msingi la Hospitali ya Jubilei kwa fedha za Tharia. Mwaka 1891 akafariki huko Bombay. Hapa ndipo jamaa yake inapoingia katika habari hii. Mjane wake, Bibi Janbai, ndiye aliyeichukua kazi ya mumewe na kuiendeleza. Haikuwa kazi nyepesi kwa mwanamke wa zama zile: mafundi wanadai, mbao zinangojewa, na mali ya marehemu imo katika mambo ya mirathi. Jengo likakamilika mwaka 1894, lakini hospitali iliyokusudiwa haikupata kusimama. Mwaka 1900 likauzwa, likaingia katika mali ya Haji Nasser Nurmohamed; chini ikafunguliwa dispensari ya sadaka, na juu pakawa makazi ya kupanga. Ndipo lilipopata jina lake.

Chuoni tulisomeshwa Hadithi ya Mtume kwamba mwanadamu afapo amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Mwalimu wetu alilikazia sana neno “inayoendelea”. Sadaka haiendelei kwa sababu ya unene wa kuta. Huendelea kwa sababu mwenye kuitoa ameacha pato la kuitunza na mtu wa kuulizwa. Tharia aliacha jengo na mke mwaminifu. Kilichopungua ni pato lililofungwa kwa kazi hiyo peke yake, lisiloweza kuguswa na mrithi wala mdai. Hilo ndilo linaloitwa wakfu, na Mji Mkongwe umejaa mifano yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likawa chini ya Serikali, na tangu hapo hesabu si ya Tharia tena bali ni yetu. Hatuna budi kuikiri. Paa likavuja, mbao zikaoza, na zile roshani tunazowaonyesha wageni zikawa hatari kwa wapita njia. Ilipasa kuja mfuko wa Aga Khan katika miaka ya 1990 kulikarabati. Wapo wanaosema kwamba ukoloni ndio uliotuachia mzigo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito katika mwaka wa kumi wa Mapinduzi. Katika mwaka wa sitini haina tena.

Tena jengo hilo lilibahatika. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lilifungwa mwaka 2012 kwa ubovu, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Watu hao walitoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki ya watoto wao. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka yake iliundwa mwaka 1985. Hatuwezi kusema hatukuwa na sheria wala hatukuwa na ofisi.

Kwa hiyo tunawaelekea wahusika kwa jambo moja tu. Kila nyumba ya Serikali iliyomo Mji Mkongwe huleta kodi, iwe ya duka, ya ofisi au ya makazi. Kodi hiyo ikiingia katika mfuko wa jumla hupotea kama maji katika mchanga. Itengwe sehemu yake kwa nyumba ile ile iliyoitoa, iwekewe daftari lake, na kila mwaka daftari hilo litangazwe katika Baraza la Wawakilishi pamoja na jina la ofisa anayelishika. Kamisheni ya Wakfu ina uzoefu wa mali za namna hii na inaweza kuulizwa. Wapangaji wa nyumba hizo wanajua tangu zamani ni ukuta upi ulioachana na boriti. Nao waulizwe, kabla ya masika.