Jino la Suárez na Kichwa cha Kramer

Shabiki aliyeketi mbele ya runinga hutoa hukumu kabla mwamuzi hajapuliza kipenga. Tarehe 24 Juni 2014, Luis Suárez wa Uruguay alipomng'ata begani Giorgio Chiellini wa Italia, mashabiki walidai adhabu, na FIFA ikaitoa: mechi 9 za kimataifa na miezi 4 nje ya soka. Alistahili, kwani jino la binadamu si la kudharauliwa.

Siku 19 baadaye, katika fainali uwanjani Maracanã, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani na bega la Ezequiel Garay. Alihudumiwa, akarudi mchezoni, akamwuliza mwamuzi Nicola Rizzoli kama kweli hiyo ilikuwa fainali. Alitolewa dakika ya 31, zaidi ya dakika 10 baada ya pigo. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho.

Aliyeuliza swali lile alikuwa na mtikisiko wa ubongo. Pigo la pili kabla ya la kwanza kupona laweza, ingawa ni nadra, kuuvimbisha ubongo na kuua, hasa kwa vijana. Hata hivyo, shabiki humwita aliyelala chini mwigizaji na kudai apewe kadi. Kijana anayetazama kando yake hujifunza kuinuka na kuendelea. Tangu 2024 sheria za soka huruhusu mashindano kuongeza badiliko la mchezaji kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo. Ni hiari ya waandaaji, na mashabiki hawajaidai kwa sauti waliyoitumia dhidi ya Suárez.